Vidole vina kasi, kiongozi anasema sina hisia

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni kijana ninayepiga gitaa la solo katika bendi ya watu saba. Huwa nasoma majibu unayowapa wengine, leo na mimi nimeona nikuletee langu.

Tangu niliposhika gitaa kwa mara ya kwanza nilitaka kitu kimoja tu: kasi. Nilianza na metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika, nikawa napandisha kidogo kidogo, na sikupanda mpaka kila noti itoke safi. Leo skeli zangu zote, yaani ngazi za noti, kutoka mwanzo wa shingo ya gitaa mpaka mwisho, nazipiga noti nne kwa kila pigo kwenye mapigo 160, na hakuna noti inayokufa njiani. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nataka ujue kwamba sikubahatisha. Wenzangu walipokuwa wamelala, mimi nilikuwa nakimbizana na metronomu.

Sasa tatizo. Bendi yetu ina kaka mmoja anayepiga ridhimu, lile gitaa la kusindikiza, amenizidi umri kwa mbali. Siku nikichelewa, au uzi ukinikatikia katikati ya shoo, yeye ndiye anayeziba pengo la solo. Mwalimu, yule kaka hana kasi kabisa. Anapiga noti tatu, anavuta uzi mmoja, ananyamaza mpaka nadhani amesahau, kisha anarudia zile zile tatu. Na watu wanapiga mayowe! Nikipiga mimi, watu wanasogea kutazama vidole, wengine wanatoa simu wanarekodi, halafu wanageuka kuendelea na mazungumzo yao.

Juzi, baada ya mazoezi, kiongozi wa bendi akaniita pembeni. Akasema, "Mdogo wangu, vidole unavyo, hisia huna. Nyimbo za kuchezeka endelea nazo, lakini ule wimbo wetu wa taratibu, kuanzia sasa solo atapiga kaka yako." Sikujibu kitu. Nilifungasha gitaa langu nikaondoka.

Nimejaribu kutia hisia. Nafumba macho, nakunja uso, na kila noti ninayoishika naitetemesha. Mpiga besi wetu, ambaye ni rafiki yangu, aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Anasema gitaa langu siku hizi linalia kama mbuzi.

Naomba unijibu. Miaka yote niliyosaka kasi nimeipoteza? Hisia mtu anazaliwa nazo au zinafundishika? Niache kasi nianze upya? Na kuna mwenzangu ananishauri ninunue pedali ya mwangwi, kifaa cha kukanyaga kinachorudiarudia sauti ya gitaa, eti ndiyo inayowapa wengine ile sauti ya kugusa moyo. Ninunue?

Wako,
Vidole Moto

JIBU

Marahaba, Vidole Moto.

Miaka yako hujaipoteza, na kasi usiiache. Tukishamaliza hilo, tuje kwenye yenye kazi.

Kiongozi wako ana haki ya kupanga nani apige wapi, ila maneno aliyoyatumia hayakusaidii. "Huna hisia" ni hukumu isiyo na maelekezo. Mpigaji akiambiwa uzi wake wa pili umeshuka, anajua azungushe nini. Akiambiwa hana hisia, anaishia kukunja uso mbele ya kioo, kama ulivyofanya wewe. Lakini msikilizaji akisikia rekodi yenu haoni uso wa mtu. Kinachomfikia ni sauti: imeanza lini, ina nguvu kiasi gani, imefanya nini ikiwa hewani, imeishaje. Ukichunguza kinachosifiwa kwa jina la hisia, mara nyingi utakuta ni mambo hayo, na yote yanafanywa na mikono ikiongozwa na sikio. Kwa hiyo ndiyo, yanafundishika. Wapo wanaozaliwa na sikio jepesi, sikatai, lakini hata wao huwa wamesikiliza sana kabla hatujawasikia.

Hebu tupige hesabu kidogo, kwa kuwa wewe ni mtu wa metronomu. Noti nne kwa pigo kwenye mapigo 160 ni noti 640 kwa dakika, yaani zaidi ya 10 kwa sekunde. Kila noti yako inaishi chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mwimbaji naye, anaposhika noti ndefu na kuitetemesha, sauti yake huyumba kama mara tano hadi saba kwa sekunde, na wapiga gitaa wengi hutetemesha kwa kadiri hiyo au chini yake kidogo. Wimbi moja tu la mtetemo wa namna hiyo linataka kama sehemu moja ya sita ya sekunde. Noti yako inakuwa imeshaondoka wimbi la kwanza likiwa ndiyo kwanza limepita nusu. Kuvuta uzi nako kunadai muda, maana sikio linataka lisikie sauti ilikotoka, ilivyopanda na ilikofika.

Umeona kilichotokea? Ukiwa kwenye kasi yako ya juu, vitu viwili vinavyolifanya gitaa lifanane na koo la mtu havina pa kukaa. Kaka yako hana moyo mkubwa kuliko wako. Ana nafasi. Noti zake tatu zinadumu hewani vya kutosha mpaka mtu aliyekaa nyuma kabisa azisikie, azitambue zinaporudi, na azisubiri zirudi tena.

Ila usitoke hapa ukidhani polepole ndiyo hisia yenyewe. Wapo wapiga solo wa polepole wanaochosha kuliko wewe: noti ndefu zisizo na kitu ndani, uzi unavutwa haufiki unakokwenda, kimya kinachotokana na kukosa la kupiga. Mpigaji wa namna hiyo akisifiwa kwa "hisia" huwa nanyamaza tu kwa adabu.

Na wapo wenye kasi wanaogusa watu. Mpiga gitaa Diblo Dibala wa Kongo, aliyesikika sana akiwa Paris miaka ya 1980, kwanza na Kanda Bongo Man kisha na kundi la Loketo, aliitwa "Machine Gun" kwa sababu ya mwendo wa vidole vyake. Kwa nini watu hawakuishia kutazama vidole wakarudi kwenye mazungumzo? Msikilize sawasawa. Vipande vyake ni vifupi na vinarudi, kwa hiyo mwili wa mchezaji unavijua kabla havijamalizika. Halafu ndani ya ile mvua ya noti, chache zinapigwa kwa nguvu kuliko nyingine, na hizo chache zinakaa pamoja na dramu. Mchezaji anacheza zile chache. Nyingine zote zinazipamba.

Au mchukue mpiga gitaa wa roki Yngwie Malmsteen wa Sweden, ambaye tangu albamu yake ya kwanza ya mwaka 1984 amekuwa akitolewa mfano kila watu wanapobishana kuhusu kasi na hisia. Wanaomkebehi husikiliza mbio zake wakaishia hapo. Hawasikilizi mbio hizo zinatua wapi. Zinapotua, noti hukaa, na mtetemo anaoutia ni mpana na una utulivu. Unaweza usiupende muziki wake, lakini usiseme mkono wake wa kushoto haujui kushika noti moja.

Na Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi, ambaye moto wa mwaka 1928 uliharibu vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, alikuwa akipiga solo karibu zote kwa vidole viwili vilivyobaki vizima. Kasi alikuwa nayo bado! Lakini hakuna aliyemkumbuka kwa kasi peke yake. Kati ya mbio na mbio alivuta nyuzi, alishika noti, aliacha sentensi ikatike akaianza upya kwa njia nyingine.

Sasa nikwambie nilichokiona kwenye barua yako. Umeandika kuhusu metronomu, skeli, shingo ya gitaa, vidole, simu za watu na uso wako mwenyewe. Wimbo wa taratibu uliokuondokea hukusema unahusu nini. Hukusema anauimba nani. Hukusema neno la mwisho analoimba kabla ya zamu yako ya solo ni lipi. Nakuuliza sasa, na ujijibu bila kwenda kuusikiliza: unalijua?

Kama hulijui, tatizo lako halikuanzia kwenye solo. Lilianza kwenye ubeti, ulipokuwa umesimama unasubiri zamu yako ifike. Mwimbaji amemaliza kueleza jambo lake, watu bado wamo ndani ya jambo hilo, wewe unaingia na skeli uliyoiandaa chumbani. Ingekuwa safi vile vile katika wimbo mwingine wowote wa ufunguo huo. Watu wanalisikia hilo hata kama hawajui kulieleza, na wakikosa la kusikiliza wanatazama vidole. Kaka yako, miaka yote aliyokaa kwenye ridhimu, kazi yake imekuwa kumsindikiza mwimbaji. Anajua anapovuta pumzi. Anajua kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, inabadilika wapi, na noti zake tatu, bila shaka kabisa, zinatua kwenye noti zilizomo ndani ya kodi inayopigwa wakati huo. Skeli inayokimbia kwenye 160 hupita juu ya mabadiliko hayo bila hata kuyagusa.

Angalia pia kiongozi alichokuachia. Hakukuondoa kwenye nyimbo za kuchezeka. Huko metronomu yako inalipa, kwa sababu watu wanataka msukumo na unawapa. Amekunyang'anya wimbo mmoja ambao ndani yake mwimbaji anasema na watu, nawe hukuwa unamsikiliza. Alikosea kuchagua maneno, lakini wimbo aliuchagua sawasawa.

Ufanye nini? Kwanza omba rekodi ya wimbo huo, hata ile ya simu, na uusikilize gitaa likiwa limelala kwenye mfuko wake. Ujue maneno yote kama unavyojua jina lako. Kisha imba solo yako. Ndiyo, kwa mdomo, na ujirekodi. Utaona aibu na sauti itakwaruza, haidhuru, hakuna atakayesikia. Utagundua mambo mawili mara moja: huwezi kuimba noti kumi kwa sekunde, na lazima uvute pumzi. Gitaa halina mapafu, kwa hiyo mkono unaweza kuendelea mpaka wimbo uishe bila kupumua, na hiyo ndiyo hatari yake. Ukishaimba kitu unachokipenda, kitafute kwenye nyuzi kama kilivyo, pamoja na mahali uliposita. Itakuudhi sana mwanzoni, maana vidole vyako vimezoea kuongoza na sasa vinaambiwa vifuate. Vitakuwa vinakimbilia njia zao za zamani. Virudishe.

Si bahati kwamba wengi tunaowasifu kwa gitaa linaloongea walikuwa pia waimbaji. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo kwa wakati mmoja, kuanzia Morogoro Jazz mpaka Super Volcano. Franco Luambo Makiadi, aliyeiongoza TPOK Jazz mpaka kifo chake mwaka 1989, naye aliimba, na kwenye sebene aliweza kung'ang'ania kipande kimoja kifupi muda mrefu, akigeuza kitu kidogo tu hapa na pale. Mwite mtu aliyezoea kasi asikilize hapo, atauliza, "Mbona anarudia?" Waulize waliokuwa wakicheza kama walichoka.

Wa tatu ni B.B. King, mpiga gitaa wa blues kutoka Marekani. Alipokuwa anaimba, gitaa lake kwa kawaida lilinyamaza; mstari ukiisha, gitaa likajibu. Na ule mtetemo wake mashuhuri hakuzaliwa nao. Alikuwa na ndugu wa ukoo, Bukka White, aliyepiga gitaa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi. King aliipenda sauti ile, mbinu yenyewe ikamshinda, akaanza kuutikisa mkono wake wa kushoto akiitafuta. Alichokikosa kwa mbinu ile ndicho kilichomfikisha kwenye sauti ambayo watu huitambua kwa noti moja.

Hapo sasa tumefika kwa mbuzi wako.

Rafiki yako mpiga besi ana sikio zuri, usimkasirikie. Mtetemo unaolia hivyo huwa na kasoro tatu pamoja: ni wa haraka mno, ni mwembamba mno, na unaanza mara tu noti inapozaliwa. Unatoka kwenye kidole kilichokakamaa, na kukakamaa huko umekutoa kwenye mbio zako. Piga noti uiache isimame wima kwanza. Isikike ni noti gani. Ndipo uanze kuitikisa, polepole, kwa kuzungusha kifundo cha mkono, ubavu wa kidole cha shahada ukiegemea ukingo wa shingo ya gitaa. Kumbuka kwamba kwenye gitaa ukisukuma uzi pembeni sauti inapanda tu, haiwezi kushuka chini ya noti uliyoibonyeza. Kwa hiyo kila wimbi lazima lirudi mpaka chini kabisa, noti ilipoanzia. Usiporudi, noti nzima inasikika imepanda, na watu wanakunja uso kabla yako.

Na metronomu usiitupe, ina kazi hapa. Iweke kwenye 60, pigo moja kwa sekunde. Tikisa mawimbi matatu kwa kila pigo, mapana, yanayolingana. Ukiyaweza bila mkono kukaza, nenda manne, baadaye matano. Kazi ile ile ya uvumilivu uliyoifanya kwenye skeli, ila sasa ni kwenye noti moja. Nadhani wewe utaiweza haraka kuliko wengi, kwa kuwa umeshazoea kuchoka. Na kwenye wimbo usitetemeshe kila noti. Nyingine ziache zilivyo.

Kuvuta uzi nako kuna mtihani wake rahisi. Chukua uzi wa tatu, piga freti ya 9 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa), isikilize mpaka ikae kichwani. Rudi freti ya 7, piga, kisha vuta mpaka ufikie sauti ile ile uliyoisikia. Hiyo ni toni nzima. Vuta kwa kidole cha tatu huku vile viwili vya nyuma yake vikisaidia kusukuma uzi huo huo. Jirekodi. Wapiga kasi wengi niliowasikia huishia chini ya noti wanayoitaka, kwa sababu hawakuwahi kukaa juu ya uzi uliovutwa muda wa kutosha kujua wamefika au hawajafika. Kwenye wimbo wa taratibu kasoro hiyo haina pa kujificha.

Mkono wa kulia nao tuuguse kidogo. Mtu akifanya mazoezi ya kasi kwa uaminifu, anajifunza kuzipiga noti zote kwa nguvu moja; ndiyo maana zako hazifi. Ni sifa nzuri kwenye mazoezi, ila ukiipeleka kwenye wimbo inasikika kama mtu anayesoma gazeti bila kuweka nukta. Chukua kipande kimoja cha mbio zako, noti nane tu, ukipige mara nyingi, kila mara ukichagua noti moja ya kugonga kwa nguvu na kuzipiga saba nyingine kwa upole. Noti ni zile zile lakini kipande kinabadilika maana kila unapoihamisha noti ya kugonga kwa nguvu. Jaribu pia kusogeza piki, kile kipande cha kuchapia nyuzi: karibu na daraja, pale nyuzi zinaposhikiliwa kwenye mwili wa gitaa, sauti inakuwa kali na nyembamba, karibu na shingo inakuwa nene na tulivu. Na kitufe cha sauti cha gitaa usikiweke mwisho muda wote, la sivyo ukitaka kupanda huna pa kupandia.

Kasi yenyewe sasa uiweke wapi? Katika wimbo wa taratibu ningeiweka mahali pamoja. Pengine pale dramu inapouvuta wimbo urudi kwenye kiitikio. Iwe fupi, itoke kwenye kimya au kwenye noti ndefu, na imalizikie kwenye noti ndefu iliyomo ndani ya kodi inayofuata. Hapo ndipo mtu wa nyuma ataacha mazungumzo, kwa kuwa alikuwa amezoea utulivu na ghafla umempeleka mbio. Solo ikiwa mbio mwanzo hadi mwisho, baada ya muda mfupi sikio linaichukulia kuwa ndiyo hali ya kawaida.

Tuje kwenye bendi. Usiende kubishana na kiongozi, na usiende kumwonyesha ulichojifunza kwa nia ya kumsuta. Nenda kwa kaka yako. Mwamkie kama inavyompasa mkubwa, mwambie ungependa umpigie ridhimu kwenye ule wimbo yeye anapopiga solo. Atashangaa, kisha atafurahi, maana wapiga ridhimu hawaombwi hivyo mara nyingi. Ukiwa pale chini yake utasikia vitu ambavyo ukiwa pembeni na gitaa limezimwa huvisikii: anasubiri wapi, anaingia kabla ya pigo au nyuma yake kidogo, kodi ikibadilika anatua kwenye noti ipi. Muulize baadaye kwa nini alinyamaza mahali fulani. Huenda asiweze kukueleza. Atakwambia, "Nilikuwa namsikiliza dada anavyoimba," au kitu cha namna hiyo, na litakuwa jibu kamili.

Mkishazoeana hivyo, mwombe yeye na kiongozi wakuruhusu uchombeze kwenye beti za wimbo huo. Solo usiiombe. Omba majibu mafupi tu mwimbaji anapomaliza mstari, noti mbili au tatu, na mistari mingine uiache bila jibu. Kuchombeza ni kugumu kuliko solo, kwa sababu ukiingia mapema umemkata mtu maneno, ukichelewa umemkuta ameshaanza mengine. Mwimbaji ndiye atakuwa mwalimu wako hapo, na atakwambia haraka sana kama unamsaidia au unamkera. Akianza kugeuka kukutazama kabla ya mstari wa mwisho, kiongozi atakuwa amekwisha kuona.

Pedali ya mwangwi usinunue sasa. Inajaza mapengo, nawe ndiyo kwanza unajifunza kuyaacha. Siku ukiihitaji, usiweke mwangwi kwa kubahatisha: gawa 60,000 kwa mapigo ya wimbo upate milisekunde za pigo moja. Kwenye mapigo 72 ni kama 833. Weka mwangwi uwe mmoja au miwili tu, na uwe chini ya sauti ya gitaa lenyewe, usije ukamfunika mwimbaji.